Shanga za Rukaya

Sehemu ya kumi na moja

"Hizi si za mdogo wangu!"

Ndivyo alivyosema Hajra, na hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita. Kapiga magoti kwenye mkeka wa Bi Ashatu, mwosha maiti wa Mapinga, kashika utungo wa shanga nyekundu na nyeusi. Bi Ashatu ndiye aliyemwosha Rukaya, mdogo wake Hajra, mwanamke wa tatu kukutwa amenyongwa ndani ya pagale, nyumba isiyokwisha kujengwa, huku kwetu. Shanga hizo alizikata kiunoni mwa maiti kwa mkono wake mwenyewe, akazifungia kwenye kopo la maziwa ya unga, akanyamaza.

Mwaka mzima kanyamaza! Sasa nifuateni, na mwenye tumbo jepesi ahamie kurasa za mpira mapema.

"Unasemaje wewe?" Bi Ashatu aliuliza. "Nimezitoa kiunoni mwake, mimi na macho yangu haya. Mtu atavaa za nani kama si zake?"

"Za Rukaya nilimtungia mimi. Nyeupe na kijani. Hizi nyekundu, hizi nyeusi, ziko wapi hapo za kijani?"

Hajra akazisogeza dirishani. Akalitafuta fundo. Wanawake wa mtaani kwao wanamjua Hajra kwa kazi hiyo. Hutunga shanga za kiunoni kwa mshipi wa kuvulia samaki badala ya uzi, maana uzi hukatika, na fundo lake hulichoma kwa kiberiti lisifunguke. Kidole kikagusa fundo. Gumu, limeungua.

"Yarabi," akasema taratibu. "Hizi pia nimetunga mimi. Bi Ashatu, hizi ni shanga za Esha!"

Esha ndiye marehemu wa pili, jirani yao, aliyekufa miezi kadhaa kabla ya Rukaya. Sasa niambie wewe unayesoma, shanga za mtu aliyezikwa zimefikaje kwenye kiuno cha mtu mwingine?

"Esha naye ulimwosha wewe," Hajra akasema. "Yeye alikutwa na nini?"

Bi Ashatu akatazama ukutani.

"Bi Ashatu, nakuuliza!"

"Za bluu," bibi akajibu kwa sauti ndogo. "Kubwa kubwa. Hazikuwa za huku kwetu zile. Nikazizika nyuma ya choo."

Hajra hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mwanaidi, yule marehemu wa kwanza, alikuwa mtu wa Lugoba. Mama yake aliwahi kukaa na Hajra kwenye benchi la kituo cha polisi akamlilia kwamba mwanawe kazikwa bila shanga zake za bluu, alizorithi kwa bibi yake. Siku ile Hajra alimsikitikia tu, akidhani mama wa watu uchungu umemchanganya.

"Anawavisha," Hajra akasema. "Anamvua huyu, anamvisha yule. Esha kavaa za Mwanaidi. Rukaya kavaa za Esha."

Akatoka mbio hadi kwenye mpapai uani, akatapika chai na mihogo ya asubuhi, akatapika mpaka nyongo. Fikiria mwenyewe. Mtu ananyonga mwanamke, halafu anapata utulivu wa kukaa chini, kumpandisha nguo, kumvua kitu ambacho hata ndugu zake hawakijui, na kumfungia cha maiti mwenzake. Anafunga fundo! Kinyaa gani hicho? Mnyama akiua hula akaenda zake.

Aliporudi ndani alikuwa mtu mwingine.

"Kwa nini hukusema?"

"Mwanangu, mwosha hasemi." Bi Ashatu alijikusanya. "Tumefundishwa hivyo. Unachokiona kwenye mwili wa maiti, unakifukia pamoja naye. Awe na kovu, awe na ugonjwa, awe na nini, unamsitiri. Mimi nilipoona shanga si za huku, nikajua mwenzangu huyu alikuwa na bwana wa nje kampa. Nikasema, basi, keshakufa, aibu yake nibaki nayo mimi. Na kwa Rukaya vivyo hivyo."

"Za bluu ukazizika. Hizi ukazitunza za nini?"

"Nilitaka kuzifukia nazo, mkono ukakataa. Nikahisi kuna jambo. Sikulijua."

"Hukulijua! Na Dadi?"

Dadi ni mumewe Esha. Tangu mkewe afe yuko mahabusu, kwa kuwa walisikika wakigombana jana yake. Kila maiti walimpa kesi yake: Mwanaidi wakasema wezi, Esha wakasema wivu wa mume, Rukaya wakasema hawajui, wanaendelea na uchunguzi. Uchunguzi upi? Kesi tatu, mafaili matatu, wapelelezi watatu wasiosalimiana. Hakuna aliyewahi kusema huyu ni mtu mmoja, kwa kuwa kitu pekee kilichowaunganisha marehemu wale kilikuwa kimefungiwa kwenye kopo la maziwa, na kingine kimezikwa chooni.

"Dadi anaoza ndani, Bi Ashatu. Watoto wa Esha wanaombaomba chumvi kwa majirani. Na mdogo wangu angekuwa hai! Ungesema siku ile ya Esha, mdogo wangu angekuwa hai! Umemsitiri nani wewe? Umemsitiri muuaji!"

Bi Ashatu akajifunika uso kwa upindo wa kanga, akalia. Hajra hakumbembeleza. Nasema kweli, alimtazama yule bibi aliyemwita mama tangu utotoni, na akamwona anamchefua.

Alizifunga shanga za Esha kwenye pindo la kanga yake, akasimama. Alipofika mlangoni Bi Ashatu akamwita.

"Hajra. Sasa zile za Rukaya, nyeupe na kijani, ziko wapi?"

Hajra akavuta mlango. Lakini swali lile alitoka nalo.

*

Kituoni asingekwenda peke yake. Alishakwenda mara nyingi wakamwambia mama, rudi nyumbani, utaitwa. Ilibaki njia moja. Na njia hiyo, niseme ukweli wa Hajra, ilikuwa ikimtia kichefuchefu vilevile.

Mnamkumbuka Muharami? Kama humkumbuki, una bahati. Ni yule kijana wa kipindi cha mtandaoni, *Damu ya Pwani*, anayesimulia mauaji haya kwa sauti ya kunong'ona huku muziki wa kuliza ukipigwa chini. Watu kwa maelfu wanamtazama wakati wa chakula. Alikuja matangani kwa Rukaya na kamera yake, akalia kuliko wafiwa. Siku ya hitima aliomba sahani ya pili ya pilau, na huku akitafuna mfupa akamuuliza Hajra, "Mama, samahani, ulimi ulikuwa umetoka nje au ndani?"

Hajra aliondoka pale mkekani. Hajala pilau tena tangu siku ile.

Lakini ulimwengu una vituko. Polisi walipochoka, magazeti yalipochoka, hata sisi hapa tulipoanza kuchoka, Muharami peke yake hakuchoka. Alikuja kila wiki. Alileta maua makaburini. Mpaka Nasrin, binti pekee wa Hajra, akampenda. Hajra atamkatalia vipi kijana pekee anayelitaja jina la Rukaya? Mjomba mtu akakubali, mahari ikapokelewa, na kesho baada ya sala ya Ijumaa ndoa inafungwa.

Na zile kelele za mwanamke zinazofungua kipindi, zile zinazokusimamisha nywele? Ni za Nasrin. Muharami alimrekodi uani, binti akipiga yowe halafu akicheka. Akaitia kwenye kipindi kinachohusu kifo cha mama yake mdogo! Hajra alipojua aligomba siku nzima. Nasrin akamwambia, "Mama, ni sanaa tu."

Sanaa. Mfyuu!

Basi Hajra alimkuta Muharami kando ya barabara ya Bagamoyo, pale wanapouza matofali, anafunga vyombo vyake vya kupigia picha. Gari liko wazi nyuma. Alikuwa amevaa fulana nyeusi yenye uso wa Rukaya kifuani.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba." Hajra alijitahidi asiitazame fulana. "Muharami, nina neno. Neno kubwa. Nataka twende kituoni pamoja, leo hii, na wewe uje na kamera yako wasitufukuze."

"Kuna nini, mama? Mbona umesawijika hivyo?"

"Nimetoka kwa Bi Ashatu, aliyewaosha marehemu. Kumbe wale wanawake walikutwa na kitu mwilini ambacho si chao."

"Shanga?"

Alilisema haraka, kama mtu anayemalizia maneno ya wimbo anaoujua.

Hajra akamkazia macho. "Umejuaje?"

Kijana hakupepesa hata. Aliweka kamera ndani ya mkoba, akavuta zipu, akatabasamu kwa huzuni, ile huzuni yake ya kwenye kipindi.

"Mama, mimi ndiyo kazi yangu. Bi Ashatu aliniambia zamani sana. Nikamwapia kwamba sitatangaza. Nimelibeba moyoni mwangu peke yangu, maana muuaji akijua tunajua, atakimbia."

"Na mimi usiniambie? Dada wa marehemu?"

"Ningekuongezea uchungu tu, mama. Nisamehe." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa laini, na ya baridi. "Tukishafunga ndoa, Jumamosi asubuhi tunakwenda kituoni wote. Mimi, wewe, Nasrin. Naapa. Leo usimharibie binti yako furaha yake."

Maneno matamu. Na mimi ningeyaamini, usinicheke, na Hajra aliyaamini. Alijisikia hata vibaya. Kijana wa watu kabeba siri mwaka mzima asimuumize, na yeye kazi yake kumtilia kinyongo kwa ajili ya mfupa wa mbuzi.

"Sawa, baba," akasema. "Jumamosi."

"Za Esha unazo wewe, mama? Nipe nikutunzie."

Hajra alikuwa ameshalishika pindo la kanga. Kidole kikasita kwenye fundo. Hakujua kwa nini kimesita.

"Zipo kwa Bi Ashatu," akadanganya, akaondoka.

Alitembea mpaka kwenye njia nyembamba inayokata mashambani, pale mihogo inapoishia na vigingi vya viwanja vya watu wa mjini vinapoanza. Ndipo likamjia. Akasimama katikati ya njia kama aliyeitwa kwa jina.

Yeye hakumtajia Esha! Alisema kitu ambacho si chao. Hakusema cha nani, na Bi Ashatu mwenyewe kajua leo.

Akatoa simu, akapiga. Bi Ashatu akapokea akiwa bado na kilio puani.

"Bi Ashatu, niambie kweli ya Mungu. Ulimwambia Muharami habari za shanga?"

"Nani?"

"Muharami! Wa kipindi. Mchumba wa Nasrin."

"Mimi?" Kilio kikakatika palepale. "Mimi nimweleze mwanamume habari za kiuno cha maiti? Hajra, umerukwa na akili? Hata marehemu mume wangu hakuwahi kusikia neno moja la chumba cha kuoshea. Huyo kijana alikuja hapa kunibembeleza na sukari na mchele, nikamwambia toka nyumbani kwangu kabla sijakumwagia maji. Wewe mwenyewe nimekwambia leo kwa kuwa ni mwanamke, na ni damu yake."

Hajra hakuwa na haja ya kiapo. Kila aliyelelewa pwani anajua. Mwosha wa kike anaweza kusema uongo wa kila namna, akakopa asilipe, akasengenya mji mzima, lakini mwili wa mwanamke mwenzake hamsimulii mwanamume. Yule kijana kazaliwa wapi hata asijue hilo? Katika uongo wote duniani alichagua uongo ambao hakuna mama wa Mapinga angeununua.

Akageuka nyuma kutazama barabarani. Pale penye matofali palikuwa peupe. Gari halipo.

"Bi Ashatu," akasema, "nenda kwa imamu. Mwambie yote. Mwambie awalete watu nyumbani kwangu, na apige simu polisi. Nenda sasa hivi!"

"Nimwambie imamu habari za..."

"Mwambie!"

Akasimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita, akapanda hata bila kuuliza nauli.

*

Nyumbani kulikuwa na shangwe, ewe msomaji, na ndilo lililomchoma. Vigelegele vinasikika tangu njia panda. Wanawake wamejaa uani wanachambua mchele, wanamtania mama wa bibi harusi kwamba kakimbia kazi. Hajra akawapita bila salamu. Yeye, Hajra, apite watu bila salamu! Wakatazamana.

Chumbani, Nasrin alikuwa amekaa juu ya kitanda, hina mbichi miguuni. Pembeni yake somo yake, mwanamke mnene mcheshi anayemfunda. Sanduku la harusi kutoka kwa bwana harusi lilikuwa wazi sakafuni: kanga, viatu, manukato, udi.

"Haya, mama bibi, umefika!" somo akapiga kigelegele. "Njoo uone mambo ya mkweo. Huyu kijana kafundwa huyu! Kaleta kila kitu. Mpaka shanga!"

"Zipo wapi?"

"Zitakuwa wapi tena? Zipo mahali pake." Somo akacheka mpaka akashika mbavu.

Hajra akauendea mlango, akaufunga. Akamwendea binti yake. "Simama."

"Mama, hina!"

"Nasrin, simama!"

Binti akasimama kwa visigino, kashangaa. Hajra akapitisha mkono chini ya kanga yake, kiunoni, kama alivyokuwa akimvisha alipokuwa mtoto mchanga. Hakutazama. Alitafuta kwa kidole tu. Mshipi wa samaki. Fundo gumu, lililoungua. Na kando ya fundo, chembe moja kubwa kuliko nyingine, yenye pembe. Ile ni chembe ya kahawia aliyoitoa kwenye utungo wa marehemu mama yao, akamtilia Rukaya kama baraka, na Rukaya akacheka akasema dada, umeniharibia shanga zangu.

Kinyaa kilimpanda kutoka kwenye unyayo. Shanga zile zilivuliwa kwenye mwili wa mdogo wake ungali na joto. Zimekaa mfukoni mwa mtu aliyekula pilau ya hitima yake. Leo zimesuguana na ngozi ya mwanawe.

Aliyevaa za Mwanaidi alioshwa. Aliyevaa za Esha alioshwa. Na aliyevaa za Rukaya ni huyu hapa, ananukia udi.

"Vua," akasema.

"Mama!"

"Vua hizi shanga, Nasrin. Ni za mama yako mdogo. Ni za Rukaya!"

"Ndiyo maana alisema usioneshwe!" Machozi yakamtoka binti. "Alisema utatafuta sababu. Hukumpenda tangu mwanzo, mama. Kwa kipindi chake, kwa kula kwake, kwa kila kitu. Sasa umefika mpaka huku!"

"Alisema lini nisioneshwe?"

"Kapiga simu sasa hivi. Alitaka nizivae leo, isiwe kesho. Anakuja kunichukua tukapige picha kabla jua halijazama."

"Picha wapi?"

"Kuna nyumba kaipata, ya watu wa mjini, haijaisha. Anasema madirisha yake hayana fremu, mwanga unaingia vizuri sana."

Somo alikuwa bado anacheka kidogo kidogo, hajui acheke au aache. "Zamani mwari hatoki nje," akasema. "Lakini siku hizi picha ndiyo harusi yenyewe. Mwache mtoto, Hajra."

Hajra alikwisha kuliona kasha la ushonaji juu ya kabati. Akanyoosha mkono, akachukua mkasi. Nasrin akapiga yowe, lile lile, yowe la mwanzo wa kipindi, na wanawake waliokuwa uani wakajua bibi harusi anafanya mzaha wake wa kila siku, wakamjibu kwa vigelegele.

Nje gari lilizima. Nyayo zikapita uani, sauti ikamwamkia kila mtu mzima kwa heshima zake, shikamoo huku, shikamoo kule, na akina mama wakamwitikia kwa furaha. Kisha mlango wa chumba ukagongwa mara moja, taratibu.

"Hodi humu ndani!"

Hajra akafungua kinywa kusema usifungue, lakini somo, aliyefurahi kwamba kaja mtu wa kuutuliza ugomvi, alishaondoa komeo.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Bibi harusi yuko tayari."